Kikombe cha Sanamaki

Mwanaheri wa Madale hauzi dawa, na ukimwita mganga mtagombana. Anauza vitu vya tumbo. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na ndivyo ubao wa kibanda chake ulivyoandikwa kwa rangi nyekundu: VITU VYA TUMBO. Ndani kuna habasoda, mbegu za chia, maganda ya isabgol ya kulainisha choo, unga wa tangawizi, mtindi anaougandisha mwenyewe, na kopo la vidonge vya bakteria wazuri analoliuza kwa shingo upande, maana anaona mtindi wake unatosha kabisa. Matumbo ya Dar anayajua. Wanaume wote wana gesi, wanawake wote wana vidonda, na hakuna hata mmoja anayekunywa maji. Anawaambia hivyo hivyo usoni, nao wanarudi.

Kazi hii aliirithi kwa mama yake kule Kurasini, kabla nyumba yao haijabomolewa kupisha makontena. Mama alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mwanamke akija kutaka sanamaki, yale majani ya kuendesha tumbo, kwanza ataulizwa: "Huna kitu?" Haulizwi cha mfukoni. Akisema anacho, hapewi hata alie, kwa sababu sanamaki haina mzaha, na mimba si ya kufanyiwa majaribio. Swali hilo Mwanaheri hajawahi kuliruka. Anajivunia, na wacha ajivune.

Hata Loveness alimwuliza.

Loveness ni mke wa Stanley, wanaishi juu kilimani kwa mama mkwe. Alikuja asubuhi moja ya masika, uso umemshuka, mkono kiunoni.

"Da Mwanaheri, choo kimefunga mpaka naogopa kula. Maji nakunywa, papai nakula, wapi! Nipe kitu cha kunisafisha tumbo, lakini kiwe cha nguvu."

"Huna kitu?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwani kwenye benchi alikuwa ameketi Marietha akisubiri habasoda yake. Marietha anaimba kwaya moja na Loveness, na habari ikiingia sikioni mwake leo, kesho ipo Bunju. Loveness alimtupia jicho mara moja tu.

"Sina kitu, dada," alijibu haraka.

Mwanaheri akamfungia majani kwenye karatasi. "Ukifika tu, chemsha, unywe mchana huu huu. Ukingoja jioni utakesha chooni." Loveness akashukuru, akafungua mkoba, akalipa, akaondoka kwa bodaboda iliyokuwa ikimsubiri.

Alipokuwa hasikii tena, Marietha alisogea. Mtu huyu hawezi kukaa na neno.

"Namhurumiaga sana yule. Mimba mbili zimeharibika, shoga yangu. Mbili! Ile ya pili hadi kanisani tulishaiombea. Tangu hapo mama mkwe wake kamnunia, salamu yenyewe ya kulazimisha."

Mwanaheri alikuwa anafuta meza, na mkono wake ulikuwa umekutana na kitu kigumu pale Loveness alipoweka mkoba. Kipande cha udongo. Udongo wa kula, ule wa kijivu unaouzwa sokoni, ambao wajawazito huutafuna wasiambiwe na mtu. Kilikuwa na alama za meno, bado kibichi kwa mate.

Sasa alielewa yote kwa mpigo: kwa nini choo kimefunga na maji yanapita bure, kwa nini jibu lilitoka haraka vile. Mtu aliyepoteza mbili hatangazi ya tatu, tena mbele ya Marietha. Naye, Mwanaheri mwenye utaratibu, alimwuliza siri ya namna hiyo hadharani kama anayeuliza bei ya nyanya. Alijichukia papo hapo.

Alikifumbata kipande kile kiganjani, Marietha asikione.

"Una namba ya Loveness? Nimesahau kumwelekeza vizuri kipimo cha majani."

"Ngoja nimpigie mwenyewe," akasema Marietha, akaweka simu kwenye spika ili asipitwe. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. "Simu yake hiyo chaji haikaagi. Kwani ukizidisha kipimo inakuwaje?"

"Haiwi chochote. Wanakaa wapi hasa?"

"Geti la kijani, ukipita tangi la maji. We vipi, mbona unatoka jasho?"

"Joto." Mwanaheri alikuwa ameshavuta pazia la kibanda.

"Na habasoda yangu je?"

"Kesho!"

Bodaboda aliyempata ni Brightson, kijana mwenye maneno mengi na tairi zilizoisha. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara ya kupanda kuwa uji. Mwanaheri alikaa nyuma akipiga hesabu za jikoni kwa Loveness. Sasa amewasha gesi. Sasa maji yanachemka. Sasa anayachuja, anayapoza. Pikipiki ikaserereka, ikazima.

"Mama, hapa tupumzike kidogo."

"Pumzika wewe," akasema, akashuka, akavua ndala, akapanda kwa miguu, karibu saa nzima ya kuteleza na kuinuka.

Njiani alitunga uongo, maana ukweli ule haukuwa wake wa kuusema. Mama mkwe akiwepo atasema majani yalikuwa na ukungu, kawauzia mzigo mbovu kwa bahati mbaya, ameufuata. Ataonekana tapeli. Madale nzima itajua kwamba Mwanaheri anauza vitu vilivyooza, na jina alilolijenga tangu ahamie huku litakwisha kwa siku moja. Liishe tu. Aliomba kwa sauti, peke yake katika matope, Mungu amfikishe kabla ya kikombe.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Loveness alikuwa uani, anaanika nguo. Kwenye kizingiti cha jiko kulikuwa na sufuria lenye majani yaliyotuama chini, na kando yake kikombe cha bati.

Kikombe kilikuwa kitupu.

Mwanaheri alishika nguzo ya kamba. Uongo wake wote ulipotea, akabaki anafungua kiganja tu. Udongo ulikuwa umelainika kwa jasho.

"Umeshakunywa?"

Loveness aliutazama udongo, kisha mlango wa nyumba, kisha Mwanaheri. Machozi yakaanza.

"Sijanywa. Nilikuwa nimeshakishika, mama mkwe kaninyang'anya. Kasema na yeye tumbo limemfunga, mkubwa ndo anaanza. Kanywa yote. Kwani ina nini?"

"Kwa aliye na kitu, mwiko."

"Mie nilidhani ni ya choo tu. Haki ya Mungu, dada, nilidhani haimfikii mtoto." Alijishika tumbo kwa mikono miwili, nguo mbichi ikaanguka chini.

Mwanaheri aliketi pale pale kwenye matofali. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kinachomfunga ni udongo huo huo, auache leo hii, na asinywe kitu kingine cha tumbo, hata cha kibandani kwake, mpaka aende kliniki wampime na wamwambie. Loveness aliitikia kila neno kwa kichwa, akaenda bombani kunawa uso.

Mlango wa choo cha uani ulifunguka. Alitoka Mama Stanley mwenyewe, mwanamke mrefu wa Mbeya, Tupokigwe kwa jina lake la kuzaliwa, anatembea ameshika ukuta.

"Shikamoo, mama," akasema Mwanaheri akijikongoja kusimama.

"Marahaba. Wewe ndo mwenye majani?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kusema, yale majani yalikuwa na ukungu. Nimekosea mzigo. Nisamehe sana."

"Ukungu?" Mama Stanley alikunja uso, sijui kwa hasira au kwa tumbo. "Mwanangu, usinidanganye. Majani yako ni mazima kabisa. Nimeyanywa tumbo tupu, tangu hapo sijakaa."

Akatazama bombani, akaona Loveness amewapa mgongo, akamsogelea Mwanaheri mpaka wakakaribia kugusana mabega.

"Mie nimezaa saba. Anayetafuna udongo ndani ya nyumba yangu nisimjue? Najua tangu mwezi uliopita. Nilipoisikia harufu ya hicho kikombe nikajua ni dawa ya kuharisha, mama yangu alitunyweshaga kitu kama hicho tukiwa wadogo."

"Sasa si ungeimwaga tu, mama?"

"Ningeimwaga angeniuliza kwa nini. Ningejibuje? Yeye hataki nijue. Na ana haki. Zile mbili nilisimama kanisani mie mwenyewe kushukuru kabla hata hazijafika popote. Watu wakapiga makofi. Zote mbili zikatoka. Safari hii nikajiambia, Tupokigwe, funga mdomo wako. Nimeufunga mpaka mtoto wa watu anadhani namchukia."

Mwanaheri alitamani kumshika mkono mama wa watu, akaogopa kumvunjia heshima.

Maji ya bombani yalikuwa yamefungwa muda mrefu. Loveness alikuwa amesimama nyuma yao, uso unachuruzika maji. Ni wazi alikuwa amesikia, kama si yote, basi ya kutosha.

"Mama," akasema. "Nina kitu."

Mama Stanley alimtazama mkwewe. Macho yalimjaa, akayapangusa kwa pindo la kanga. Kisha akainama, akaokota ile nguo iliyoanguka matopeni, akaikung'uta, akamrudishia mkononi, na mkono wake ukabaki juu ya mkono wa Loveness kwa muda.

"Mie sijasikia kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Na huyu jirani hajasikia kitu. Ingia ndani ukae."

Halafu tumbo likamkata, akaikusanya kanga yake na kukimbilia chooni.