Ukurasa Uliofunguliwa Kila Alfajiri

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, ukungu wa vilima vya Matogoro ukiwa bado umelala juu ya mabati ya chuo. Nilikuwa na cheti cha uchapaji na viatu vya kuazima. Katibu wa Chuo, mzee mpole wa chuo kile cha uuguzi, alifunua kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma akasema, "Mama Haule, tovuti ya chuo kuanzia leo unailea wewe." Nikachungulia nyuma ya kioo. Chekeni tu, vijana, mimi nilidhani inakaa humo.

"Haimo humo," alisema. "Iko kwenye seva, kompyuta isiyozimwa, na yetu iko Dar es Salaam. Sisi tunaiita tu, inakuja."

Anwani alinifundisha kwa kutumia mtaa wangu. "Mgeni wako akifika Bombambili atauliza kwa Mama Haule ni wapi, na hata akikosea jina ataonyeshwa. Kompyuta haina wa kumwuliza. Ukiacha nukta moja, hufiki." Mwanzo wa anwani kuna jina la kikoa, ndilo jina la nyumba nzima. Kisha huja mkwaju, ule mstari ulioinama, halafu jina la chumba, yaani ukurasa wenyewe. Ukishaiandika, kivinjari, programu ya kufungulia kurasa, hutafuta namba iliyo nyuma ya jina la kikoa, na kwa namba hiyo huifikia seva na kuomba ukurasa. Mtandao wetu ulikuwa wa kujikokota. Picha ilishuka mstari kwa mstari, paji la uso kwanza, kisha macho, nami nikikaa naota njia yote inayopita, Makambako, Njombe, vilima na mvua, mpaka itufikie. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Katibu alipostaafu akaja Mkuu wa Chuo mpya, mtu wa kaskazini mwenye haraka zake. Alitaka kila wiki nimpe idadi ya wageni wa tovuti, basi nikajifunza kusoma kumbukumbu za seva. Kila ukurasa ukifunguliwa, seva huandika mstari mmoja wenye saa na ukurasa ulioombwa. Jina la mtu halimo. Humo ndimo nilimoona kwamba kila siku, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, kuna aliyefungua picha moja ya mahafali ya zamani, hiyo tu, akaondoka. Nikazoea kumtafuta kila nikifika ofisini, na nikimwona nafurahi.

Mwaka mmoja Mkuu akaniambia, "Mama, wakaguzi wanakuja. Ondoa mapicha yote ya zamani, tovuti ipendeze." Moyo ulisita, lakini nikafuta. Siku ya tatu simu ya ofisi ikalia.

"Shikamoo, baba," nilisema, maana sauti ilikuwa ya mzee.

"Marahaba, mwanangu. Mimi mkulima wa korosho, huku Mbesa. Namba yenu nimeitoa kwenye tovuti. Binti yangu alisoma hapo, akahitimu, Mwenyezi Mungu akamchukua mwaka uleule. Picha yake sina nyingine, ni hiyo ya kwenu, yuko safu ya pili. Nikishaswali alfajiri namfungua, namwangalia, ndiyo naenda shamba. Sasa siku tatu naambiwa hapatikani. Kama mmemhamisha, nipe anwani aliyohamia."

Nikamwomba anisomee anwani anayoiandika, akaisoma herufi kwa herufi, na mkwaju wake, bila kukosea. Nikamwambia, "Baba, jaribu tena kesho."

Kabatini kulikuwa na CD za nakala za akiba za tovuti alizoacha Katibu. Ya kwanza haikusoma. Ya pili ikafunguka. Nikaurudisha ukurasa kwa anwani ileile, ila sikuuwekea kiungo, yale maandishi ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine. Kwa hiyo aliyeingia kwa mlango wa mbele hakuuona, mwenye anwani kamili alifika moja kwa moja. Asubuhi yake mstari ulikuwepo. Nililia pale pale mezani.

Miaka ikapita. Siku ya kustaafu na kukabidhi ofisi, Mkuu alipitia taratibu orodha yangu ya kurasa za tovuti, jambo lisilo kawaida yake.

"Mama, kuna ukurasa mmoja hukuuandika. Kumbukumbu za seva zinauonyesha kila alfajiri."

Nikainamisha kichwa, nikamweleza yote. Akachukua kalamu, akaongeza anwani ile kwa mkono wake, na mbele yake akaandika: Usifutwe.

Sasa niko nyumbani Bombambili. Ruhusa ya kusoma kumbukumbu za seva sina tena, kwa hiyo sijui kama mzee wa Mbesa bado yupo. Naamka alfajiri, nje bado kuna ukungu, naandika anwani ile kwenye simu. Picha inashuka mpaka safu ya pili, na binti yupo, kofia yake imeinama kidogo. Namwangalia kwa niaba ya baba yake, na kule kwenye seva mstari wa alfajiri unaandikwa.