Kindi wa Rangi ya Majivu

Cheka tu, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa upande wa Ilongero, enzi za Mwingereza. Sikusimuliwa na mtu. Wewe unadhani kindi akiwa na rangi isiyo ya wenzake kazaliwa hivyo tu? Haya, sikiliza.

Mwaka ule njaa ilitushika kweli kweli. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, nyumbani nimebaki na mama yake. Chakula hakuna, ila mbegu ya uwele tuliyoichanganya na majivu isiliwe na wadudu, tukaitundika juu ya mafiga. Kwetu mbegu hailiwi. Ukiila, mwakani utapanda nini?

Mchana mmoja mama mkwe akaiteremsha. Nikamsihi, "Mama, hiyo ni mbegu."

Akafoka, "Kwa hiyo nife huku naitazama?" Akaanza kuiosha majivu.

Mara akaingia bibi nisiyemjua, hata hodi hakupiga. Nywele, kope, mikono, vyote rangi ya majivu. Nikamwamkia. Alimkazia macho mama mkwe, akasema, "Mimi nilikula yangu. Naoga kila siku, majivu hayatoki."

Niamini, alipofika mlangoni hakuwa mtu tena. Alikuwa kindi, wa kijivu mpaka mkiani, akapotelea kwenye majabali. Mama mkwe je? Alisema ni mauzauza ya njaa, akapika, akala. Mimi nilikataa. Nikaikumbatia mbegu iliyobaki, nikalala na tumbo tupu.

Asubuhi ngozi aliyolalia mama mkwe ilikuwa na majivu tu. Majirani walimtafuta mpaka wakachoka. Mume wangu aliporudi hakunielewa. Mpaka anakufa aliamini nilimfukuza mama yake. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Ile mbegu niliipanda, ikatulisha. Lakini kila msimu wa kupanda anakuja kindi mmoja wa kijivu, anakaa kwenye tuta ananitazama, wala hakimbii. Kwa hiyo ninyi wenye manati, shikeni adabu: kindi mwenye rangi ya ajabu asipigwe, na mbegu isiguswe, hata njaa iwe kali vipi.

Mimi nikimwona naweka jembe chini, napiga magoti. "Shikamoo, mama."