Tabea na Wapima Ngozi

Tabea aliisikia harufu ya ngozi inayoungua kabla hajajua kwamba ngozi hiyo ni yake. Alikuwa ameinama jikoni akisonga ugali, kaa la moto likaruka, likatua juu kidogo ya kiwiko chake, likabaki pale likifuka moshi. Hakuhisi kitu. Alipoliona alilipangusa upesi, akashusha mkono wa gauni, akaendelea kusonga. Mumewe Lameki, aliyekuwa nje akinoa shoka, aliuliza kinachoungua ni nini. Akajibu ni ukoko.

Tangu siku hiyo raha ilimtoka. Pale kaa lilipotua palikuwa na doa toka masika, limepauka, ukingo wake umeinuka kidogo, naye alikuwa akijiambia ni choa tu. Lakini choa gani kisichosikia moto? Jina la ugonjwa ule alilijua vizuri mno. Alikuwa mtoto walipokuja kumchukua mama yake kumpeleka kambi ya wakoma, mbali huko bondeni. Shangazi yake wa Njombe ndiye aliyemlea na kumpeleka shule ya misheni, na katika nyumba ile jina la mama yake halikutajwa tena. Sasa Tabea naye alikuwa na binti, Idda, ambaye ndiyo kwanza anaota meno ya pili. Kila alipomsuka nywele alimwaza akisukwa na mikono mingine.

Mwaka ule wa hamsini na nne, mvua zilipokwisha, jumbe alipita akitangaza. Daktari wa serikali angekuja na watu wake kutazama ngozi ya kila mtu, mzima na mgonjwa, mzee na mtoto mchanga, katika vijiji vilivyochaguliwa kati ya Njombe na Makambako. Walitaka kujua ukoma umeenea kiasi gani. Maneno yakawa mengi. Wako waliosema ni hila ya kuwasaka wakwepa kodi. Wako waliosema lori la kuwabeba wagonjwa limekwisha kuegeshwa Makambako, na hao ndio Tabea aliowaamini.

Siku ya kwanza kazi ilikwama. Wanawake walikataa katakata kuvua nguo mbele ya mwanamume. Tena dresa, yaani msaidizi wa daktari, Hezekia, alikuwa Mkinga wa Bulongwa, na Kibena, lugha ya wenyeji, alikijua cha kuombea maji tu. Mke wa mchungaji akamtaja Tabea: amesoma, Kiswahili anakijua, na watu wanamheshimu. Tabea alikubali upesi kuliko walivyotazamia. Alikuwa amewaza jambo moja tu, kwamba anayepima hapimwi.

Walimpa chumba cha shule, wakatundika blanketi liwe pazia. Hezekia alimfundisha: mwanamke afumbe macho, aguswe kwa unyoya wa kuku, naye aonyeshe kwa kidole pale alipoguswa. Tabea aligusa migongo, mapaja, mashavu. Kila kidole kilichokwenda mahali pake kilimtia wivu. Jua lilipopanda watu wengine walikunja mikono ya nguo zao; yeye alijifunga shuka juu ya gauni, na kila Hezekia alipopita nje ya pazia alijikuta amekishika kiwiko.

Ndipo alipoingia Oktavia, mke mpya wa jirani yao Sila. Alifumba macho, akaonyesha sawasawa begani, kiunoni, shingoni. Kisha akatulia, akingoja.

"Mama Idda, mbona umeacha?" aliuliza.

Tabea hakuwa ameacha. Unyoya ulikuwa bado unapita chini ya bega la Oktavia, juu ya doa lililopauka. Oktavia alifumbua macho, akageuka, akauona mkono wa Tabea ulipo. Kutoka nje Hezekia aliuliza vipi huyo.

"Mzima," Tabea akajibu.

Jioni, wakila mahindi ya kuchoma uani kwa jumbe, Tabea alimwuliza Hezekia faida ya kuhesabu watu bila kuwatibu. Hezekia alisema wanaokuja hospitali wenyewe ni wale ambao vidole vimekwisha kuharibika. Walioko majumbani hakuna anayewajua. Dawa mpya ya vidonge imekuja, na italetwa kwa kadiri ya hesabu watakayopeleka. Wakisema wagonjwa ni wachache, vidonge vitakuja vichache.

"Na wanaoonekana wanapelekwa wapi?"

"Mwenye doa moja au mawili anabaki kwake, mama. Anameza vidonge."

Tabea hakujua kama amwamini. Hata waliomchukua mama yake walizungumza kwa upole.

Asubuhi alipitia kwa Oktavia, akamkuta amekaa penye moto, macho yamevimba. Tabea alipandisha mkono wa gauni.

"Tazama. Na mimi ninalo."

Oktavia alilitazama kovu na doa. "Wakitupeleka kambini?"

"Basi tutakwenda wawili."

Walikwenda pamoja wakamweleza Hezekia, naye hakukasirika. Alimwita daktari, ambaye aliwachoma kwa sindano, akawabonyeza viwiko, akasema ndiyo, ni ukoma, nao ungali mchanga. Siku ile Tabea aliikodolea macho barabara, akisubiri lori. Halikuja. Walipewa vidonge na kuambiwa wafuate vingine zahanati kila vinapokwisha.

Lameki alipoambiwa alihamishia matandiko yake kwa kaka yake, kisha akaenda Makambako kupasua mbao, bila salamu wala ujumbe. Pale kisimani wanawake walimwachia Tabea nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Alimpima Idda kila Jumapili, mlango ukiwa umefungwa. Lameki alirudi wakati wa kuvuna, amekonda. Alisema aliogopa, na kwamba huko nako hofu ilikuwa ile ile, afadhali aogopee nyumbani.

Oktavia alijifungua mtoto wa kiume msimu wa baridi wa mwaka uliofuata. Kila asubuhi jua lilipochomoza alimvua nguo zote, akamweka mapajani, akamwita Tabea naye atazame kama kuna doa. Walimgeuza huku na huku, wakimgusa kila mahali, mpaka mtoto akalia kwa baridi na wao wakamfunika.