Beki wa Kona wa Ibra

Kaka yangu aliondoka kwetu Ibra, Uarabuni, kwenda Marekani kusomea uhandisi wa umeme, akaishia kuwa beki wa kona. Sentensi hiyo nimeisema mara nyingi mno maishani, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na sijamwona mtu aliyeisikia akatulia. Wote huuliza lilelile: kapiga kona ngapi zikaingia?

Hakupiga hata moja. Katika mpira wa Kimarekani hakuna kona ya kupigwa. Mpira wenyewe si wa duara, umechongoka ncha zote mbili kama tende, na hudakwa kwa mikono. Beki wa kona husimama pembeni kabisa mwa uwanja, akapewa mtu mmoja wa upande wa pili, na kazi yake ni kumganda mtu huyo asiudake mpira. Yule hukimbia mbele, beki hukimbia kinyumenyume huku akimtazama. Basi. Ndiyo kazi aliyofanya ndugu yangu kwa misimu kadhaa, katika mji wa theluji, mbele ya watu ambao Ibra nzima isingewatosha. Mimi nilikuwa nasomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana, kwa hiyo nyumbani ikaamuliwa kwamba ninajua kila kitu kinachosemwa Marekani.

Alianzaje? Mwenyewe alitusimulia kwenye simu kwamba alichelewa mtihani, akakatiza uwanja wakati timu ya chuo iko mazoezini. Wakamkimbiza wamtoe, wakashindwa kumshika. Alipomaliza mtihani alimkuta kocha anamsubiri mlangoni. Sikushangaa sana, maana nilijua alikojifunzia. Mama yetu, aliyezaliwa Unguja na kulelewa Tabora, alikuwa na shabaha ya kandambili isiyo na huruma, na kaka yangu tangu mdogo aligundua kwamba ukimpa mama mgongo umekwisha. Yeye alikimbia kinyumenyume kutoka jikoni mpaka kwenye mitende, macho kwenye mkono wa mama, na kandambili ikija aliidaka. Mama alipoambiwa kwamba mwanawe sasa anafanya hivyo kwa mshahara, alisema, "Mwalimu wake ni mimi, mbona hawakuniita?"

Yote hayo yangekuwa maskhara tu kama asingetaka kuoa. Likizo moja alikuja kunichukua kwa gari Nizwa, nilikokuwa bado chuo cha ualimu, akamkuta rafiki yangu wa bwenini, msichana wa Sur, mpole, mwenye kutania bila kutabasamu. Tukampa lifti hadi Ibra, ambako ndugu zake walimsubiri. Njia nzima kaka yangu hakusema neno la maana. Lakini tangu siku hiyo kila akipiga simu aliniuliza habari za Sur, mji ambao kabla ya hapo hakuwahi kuujali hata kwa samaki wake. Nami nikimtaja kwa rafiki yangu, alikuwa akiacha kula. Niliwapenda wote wawili, na nilitaka jambo lile litimie kuliko nilivyotaka mambo yangu mwenyewe.

Tukapeleka posa. Baba wa msichana alikuwa mfanyabiashara, mtu wa ukoo wa manahodha, aliyeishi Unguja ujanani na kukisema Kiswahili vizuri kuliko mimi. Akauliza swali moja tu: kijana anafanya kazi gani? Mama akajibu kwa fahari kwamba ni beki wa kona. Yule mzee akasema angependa kuiona kazi hiyo kwa macho yake kabla hajatoa binti.

Kaka yangu akatuma kanda ya video. Mashine zetu na kanda za Marekani hazikuelewana kabisa. Ilionekana mistari myeusi na myeupe tu inayopanda juu. Mama aliitazama mistari hiyo mpaka mwisho, akafuta machozi, akasema, "Mashaallah, anakwenda mbio." Nikaenda kumbembeleza fundi mmoja wa Samail aliyekuwa na mashine inayokubali kanda za kila nchi. Akaniazima, nikaipakata garini mpaka nyumbani.

Mzee akaja alasiri na bakora yake. Mama akamimina kahawa. Mimi nikakaa karibu na televisheni nitafsiri maneno ya mtangazaji. Nilijiamini kupita kiasi, maana Kiingereza nilikijua cha vitabuni.

"Anasema kijana wetu yuko peke yake kisiwani," nikaanza.

Mama akaweka chini kikombe. "Kisiwa gani? Kenda Unguja asinambie?"

"Ni msemo wao, mama. Maana yake hana wa kumsaidia."

"Na wale wenzake wote wale?"

Mara yule mtu wake wa kumganda akampita, mtangazaji akapaza sauti, nami nikatafsiri upesi: "Ameunguzwa!"

"Ya Rabbi, mwanangu! Maji!"

"Hajaungua, mama. Kapitwa tu."

"Basi si useme kapitwa!"

Mzee alikuwa ameegemea bakora yake, anatazama kama anayekagua mzigo. "Ya binti," akaniuliza, "mbona mpira hauendi kwake?"

"Beki akiwa hodari, ami, wanaogopa kuutupa upande wake."

"Yaani siku akifanya kazi yake barabara, hapatokei kitu?"

"Hapatokei kitu."

Akafikiri. "Zein, vyema. Hata maofisini wapo wa namna hiyo. Lakini mwanamume mzima kurudi nyuma namna ile, mbele za watu?"

Kabla sijajibu, mpira ukatupwa upande wake. Kaka yangu akaruka, akaudaka mbele ya pua ya mtu wake, akaukumbatia kifuani na kuanza kukimbia, safari hii mbele. Uwanja mzima ukainuka. Mama akainuka. Yule mzee naye, wallahi nilimwona kwa macho yangu, akanyanyuka nusu, bakora juu. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeibiwa, nami nikapiga kelele nyuma yake, neno kwa neno:

"Ameinyakua ngozi ya nguruwe! Anakimbia na ngozi ya nguruwe!"

Mzee akakaa polepole. "Ngozi ya nini?"

Kwenye televisheni kaka yangu alifika mwisho wa uwanja, akauinua mpira ule, akaubusu.

"Zima," akasema mama.

Baadaye tulielezwa kwamba Wamarekani huuita mpira wao hivyo kwa mazoea ya zamani, na kwamba hutengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Nikapiga simu Sur siku hiyohiyo kusafisha jina letu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe kawakosea nini hata wamwite hivyo?" akauliza. Kisha akasema atafikiri. Kwa watu wa daraja lake, "nitafikiri" ni hapana iliyotiwa manukato. Nikakasirika na mpira, na mtangazaji, na nchi nzima ya Marekani iliyoshindwa kukiita kitu kwa jina lake.

Rafiki yangu akaomba aongee nami kwenye simu, sauti chini. "Hebu niambie. Akirudi nyuma vile, hujikwaa?"

"Wakati mwingine."

"Akianguka je?"

"Huinuka."

"Haya," akasema, akakata simu. Posa ikabaki ikining'inia miezi na miezi.

Halafu ikaja simu ya kaka yangu. Mimi nilikuwa skuli, mama akaipokea. Kwa kukaa huko muda mrefu Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, na alipokosa neno alilichukua la Kizungu, akalivua nguo na kulivika kanzu. Timu ilikuwa imemwacha. Msimu ujao hawamtaki. Wenyewe hulisema jambo hilo kwa neno la kukata, naye akalitafsiri kama lilivyo.

"Mama," akasema, "wamenikata."

"Wamekukata nini?"

Na simu nayo ikakatika.

Siku hizi nasoma magazeti ya Dar es Salaam, najua wao wangeandika ametemwa. Hata hilo lisingetusaidia, mama angeuliza nani alimtafuna. Lakini Ibra hatukuwa na neno lolote, tulikuwa na lile tu alilotupa. Nilirudi nikamkuta mama kakaa chini sebuleni, kandambili zimemtoka miguuni.

"Wamemkata mguu," akaniambia.

"Kasema mguu?"

"Mkimbiaji atakatwa nini? Pua?"

Nikapiga simu kwake, ikalia bure. Nikapiga tena kesho yake, akapokea mtu asiyemjua. Kumbe alikwisha kurudisha funguo za nyumba. Nilikuwa nimeona kwenye kanda jinsi watu wale wanavyogongana. Nikaamini. Nililia mpaka nikashindwa kwenda kazini.

Mama yeye alilia siku moja, ya pili akaita fundi. Akabomoa choo cha kuchuchumaa akaweka cha kukaa. Akasawazisha ngazi za mlangoni kwa saruji, ikawa mteremko. Majirani wakaja na pole na halwa, wakanywa kahawa, kisha wakaomba kwa heshima kukiona hicho choo. Mjane wa nyumba ya nyuma akaleta magongo ya marehemu mumewe. Mjomba akaleta kiti cha magurudumu kutoka Nizwa, kwa mtu aliyekuwa hakihitaji tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakihitaji.

Na mzee wa Sur akaja. Safari hii hakuja kukagua. Alimpa mama pole ya kweli, macho chini, kisha akasema: "Bibi, nimekuja na neno la binti yangu. Anasema kama bado mnamtaka, yuko tayari, na huo mguu mmoja. Na mimi nimeridhia. Kumwoza mtu aliyepatwa na mtihani ni thawabu kubwa."

Tukasoma Fatiha palepale, posa ikafungwa. Nilikimbilia chumbani nikajifunika mto usoni. Sijawahi kujivunia rafiki kama nilivyojivunia siku ile.

Habari ya ndege yake tuliletewa na mwanafunzi mmoja aliyerudi kabla yake. Alitaja siku na saa tu, miguu hakuitaja, nasi tukaona ana adabu. Tukaenda uwanja wa ndege wa Seeb na kiti cha magurudumu, blanketi na magongo. Abiria wakatoka. Kaka yangu akatoka, kabeba begi begani, anatembea.

Mama akamwangalia, kisha akachungulia nyuma yake kama kwamba yule wa mguu mmoja bado anakuja. Halafu akapiga magoti sakafuni, mbele za watu wote, akashika mguu wa kulia, akaubonyeza kutoka kwenye kifundo hadi gotini, juu ya suruali. Akashika wa kushoto.

"Uko wapi?" akauliza.

"Shikamoo, mama. Nini kiko wapi?"

"Ulipokatwa."

Nikamweleza kaka yangu tulichoelewa, harakaharaka. Nilidhani atacheka. Mdomo wake ulianza kucheka, ukashindwa.

"Hawakukata mguu, mama," akasema. "Wamenikata mimi."

Mwanamume mrefu vile, mabega vile, akalia kama alivyokuwa akilia kandambili inapompata. Kitu cha karibu kilikuwa kile kiti, basi akakaa, mama akamfunika blanketi, tukamsukuma mpaka kwenye gari. Watu wakatupisha njia. Askari mmoja akatufungulia mlango na kumwombea shifaa, apone, na sisi sote tukaitikia amin, maana kwa kweli aliihitaji.

Ikabaki Sur. Mama alipendekeza aende na magongo, walau mara ya kwanza. Kaka yangu akakataa, akasema hataki mke wa uongo. Tukaenda Ijumaa, baada ya swala. Wanaume wakakaa barazani, mimi na mama tukaingizwa ndani kwa wanawake, pazia tu katikati. Rafiki yangu alikaa kando yangu, mikono mapajani.

Kupitia pazia tulimsikia kaka yangu akieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake chakavu: kwamba miguu yake mizima, kwamba timu imemwacha, kwamba hana kazi wala hajui kama uhandisi bado anaukumbuka. Hakupamba neno. Nadhani mzee alikuwa anaitazama ile miguu.

"Sasa umenipa mtihani," akasema. "Nilimwoza binti yangu kwa mlemavu, nikahesabu thawabu. Mzima mwenye kazi ningemwoza kwa utulivu. Lakini mzima asiye na kazi, nimwoze kwa lipi?"

Mimi nikajiandaa kusema maneno ambayo yangetufukuzisha Sur milele. Rafiki yangu akaweka mkono wake juu ya wangu. Katika mila ya kwao, na ya kwetu, msichana akiulizwa habari ya ndoa yake hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, naye akasema, kwa sauti ya kutosha kupita pazia:

"Baba, mimi mguu mmoja nilishaukubali. Huo wa pili nitauzoea."

Na kabla mwenye nyumba hajapata kufungua kinywa, mama yangu akapiga kigelegele, kirefu, cha Tabora, kilichotoka dirishani na kuteremka mtaani. Nyumba ya jirani ikaitikia kwa chake, na ya mbele yake ikaitikia. Nikasikia yule mzee akiguna, kisha akawaambia watu wa jikoni wageni wamiminiwe kahawa.