Msiba wa Video kwa Bibi, Tandika

Mwezi uliopita nilikuwa saluni, Tandika, nimeinamisha kichwa nasukwa. Luninga ya ukutani ilikuwa inapiga bongo fleva za zamani. Ghafla msusi akasimamisha mikono.

"Dada, subiri kidogo. Hapa jeneza linapita, halafu umwone huyu bibi anavyolia. Mie hapa huwa siwezi kabisa."

Tukatazama wote. Alipomaliza kujifuta macho akaendelea kunisuka, na mimi sikumwambia kitu. Ningemwambia kwamba kwenye video ile hakuna jeneza, angeona namtania. Na ningemwambia kwamba yule ni bibi yangu mzaa mama, ningelia mimi pia, nywele zikiwa nusu. Basi wacha nikusimulie wewe, maana wewe najua utanisikiliza hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu alifariki nikiwa na mitano, bibi akanichukua, tukawa tunaishi wawili kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, vyumba vingine akiwa amepangisha. Alikuwa mtu wa Lindi. Nduguze wakimletea ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwao, aliichemsha uani, na harufu ya moshi wa kuni ikaganda kwenye sare yangu ya shule hadi wenzangu wakanicheka. Kazi zangu zilikuwa kufagia uani na kukuna nazi. Ila nilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyenituma. Kila nikirudi shule, nikifika kona ya mtaa wetu, nilikuwa naita, "Bibi!" na sikuendelea kutembea mpaka aitikie. Niliogopa siku ambayo hataitikia. Sikuwa na mtu mwingine, na nililijua hilo vizuri kuliko watu wazima walivyodhani.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa mwimbaji, na mwaka ule alitoa wimbo wa mama anayemzika mwanawe. Akaja kwa bibi na dairekta wake, jamaa mwembamba aliyebeba kamera iliyozungushiwa taulo kwa ajili ya vumbi. Wakamwamkia shikamoo kwa pamoja.

"Marahaba. Mnataka nini kwa mzee mie?"

"Bibi, tunaomba utuigizie mama mfiwa," dairekta akasema. "Sura yako inaongea hata ukiwa umenyamaza."

Bibi akawapa masharti mawili. La kwanza, jeneza tupu halikanyagi kwenye nyumba yake. La pili, wali upikwe, wa kweli, maana watu hawakai kwake msibani na njaa, hata huo msiba uwe wa kuigiza. Mwimbaji alitaka kubishana kuhusu jeneza. Dairekta akamshika bega, akasema hana haja nalo.

Jumamosi wakafunga turubai katikati ya mtaa. Wanawake wa jirani wakaja na kanga zao, wakakaa kwenye mikeka, wanaume wakakaa nje kwenye viti. Na mimi nikaanza kuona mambo ambayo mpaka leo, nikiyakumbuka, yananishangaza.

Dairekta aliazima mkokoteni wa muuza maji, akapunguza upepo kwenye matairi, akapanda na kamera yake mapajani. Vijana wawili wakawa wanamsukuma taratibu mbele ya watu waliokaa, na kamera ikapita bila kutikisika hata kidogo. Halafu wimbo ukapigwa kwa kasi, sauti ikawa nyembamba kama ya katuni, na mwimbaji akawa anakimbizana nao kwa midomo. Mtaa mzima tulicheka. "Chekeni tu," dairekta akatuambia. "Nikiirudisha polepole mtanitafuta."

Kwa upande wa jeneza, alichukua benchi la mama ntilie, akaweka gunia la mchele juu yake, akawapa wanaume sita wabebe mabegani. Kamera akaiweka chini kabisa, karibu na mchanga. "Sitaki kuona kitu zaidi ya miguu," alisema, "na nataka ilemewe kweli." Ndala zikapita mbele yake zikizama mchangani, moja ikakatika mkanda na mwenyewe akaendelea kutembea peku.

Ikabaki sura ya bibi, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Bibi hakuweza kulia. Walijaribu asubuhi yote. Mwimbaji akaleta kitunguu, bibi akakikataa, akasema vitunguu huwa analilia jikoni. Mwanamke mmoja akamwambia, "Si umfikirie marehemu binti yako?" Bibi akakaza uso akatazama mkeka, na dairekta akamkemea yule mama kwa ukali ambao sikuutegemea. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto wa kamera, nimeduwaa. Sikuwahi kumwona bibi akilia. Hata kwa mama yangu sikumbuki kumwona, na moyoni nilikuwa na donge juu ya jambo hilo.

Sasa, bibi alikuwa na rafiki yake muuza nazi sokoni Buguruni. Unajua kwetu turubai likikatiza mtaa, wanawake wakajifunika kanga na muziki usisikike, hakuna anayeuliza. Mpita njia mmoja aliliona, akafika Buguruni akamwambia yule mama kwamba kwa rafiki yake kuna msiba. Yule mama akadhani aliyefariki ni bibi mwenyewe, akaacha nazi zake pale pale chini akaja.

Tulimsikia kuanzia kona. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, mikono kichwani. "Dada yangu! Umeniacha na nani mie? Nilipofukuzwa na virago vyangu nani alinifungulia mlango kama siyo wewe? Leo nitabisha kwa nani?"

Ungetegemea mtu amzuie. Lakini mfiwa akiingia analia, waliokaa ndani humpokea kwa kilio, ndivyo tulivyolelewa, na wale wanawake waliokuwa wanaigiza tangu asubuhi wakampokea. Kilio kikapanda hadi kwenye turubai. Dairekta akainama nyuma ya kamera yake, hakuizima.

Bibi alikuwa katikati yao, amejifunika, anausikiliza msiba wake mwenyewe. Kisha akainua kichwa polepole. Hakumtazama rafiki yake wala kamera. Alinitazama mimi, pale nilipokuwa nimesimama, na machozi yakamtiririka bila sauti, mengi, wala hakuyafuta.

Rafiki yake alipomwona hatimaye, alikaa mchangani. Alipopata pumzi alivua kanga akamchapa nayo bibi mgongoni. "Ukirudia mchezo huu nakuzika mwenyewe, na ukiwa unaniona." Walicheka wakiwa wameshikana, wakala ubwabwa kwenye sinia moja.

Jioni, bibi akipuliza jiko, nikajikaza nikamuuliza kama alikuwa anamlilia mama.

"Mama yako nilimlilia sana," akasema. "Nilikuwa nasubiri ulale." Akapuliza jiko tena. "Leo nilikuangalia wewe. Nikaiona siku yangu, turubai lile lile, watu wale wale, na wewe umesimama pale pale peke yako. Nikajiuliza, huyu atashika kanga ya nani?"

Nilimsogelea nikashika kanga yake, na jiko likaendelea kuwaka.

Video ilipotoka tuliiona kwa jirani, kwenye luninga ya kichogo, mtaa mzima tumejazana mlangoni. Mchana wetu mkali dairekta alikuwa ameufanya wa kijivu. Mwimbaji tuliyemcheka sasa alitembea kama mtu anayekatiza kwenye maji, na midomo ikaenda sawasawa na wimbo. Ikaja miguu, ile ndala ikakatika, na watu wakaanza kupangusa pua. Halafu sura ya bibi ikajaza kioo chote. Mimi niliyelijua lile benchi, niliyekula mchele wa gunia lile, niliona jeneza, nakwambia kweli. Niliona hadi shuka juu yake. Sijui kama nitaweza kukueleza nilivyojisikia. Jamaa alichukua miguu ya watu na sura ya bibi yangu, akaviweka jirani, na katikati yake akazuka mtu aliyekufa. Nchi nzima ikamwona mama anamlilia mwanawe.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Turubai lilifungwa katikati ya mtaa, na nilishika kanga ya rafiki yake wa Buguruni, siku zote za matanga sikuiachia. Yeye naye amekwishatangulia. Nyumba iliuzwa, uani pamejengwa fremu za maduka, na siku hizi wanaorekodi video huja na kamera zinazoruka, wanamaliza kwa saa mbili na hawapikii mtu wali.

Picha nyingine ya bibi inayotembea sina. Nina sekunde zile tu, na watu mtandaoni huandika chini yake kwamba yule mama angeangalia kamera ingependeza zaidi. Nikiwa peke yangu nyumbani naiweka video ile, na ikikaribia sura yake nahamisha kiti changu kidogo upande wa kushoto, nakaa pale anapotazama.