Mwezi Niliogombana na Dirisha

Mimi ni mtu wa kukaa. Nasema mapema ili mtu asitafute safari humu ndani. Nilipopata diploma ya sekondari walinipa darasa la kufundisha kwenye kilima cha pili kutoka kwetu; nikafundisha mihula miwili, nikaona ni mbali. Goma nimefika mara tatu, na mara zote tatu nilirudi kabla ya siku niliyoaga. Hapa upande wa Burungu, kwenye vilima vya Masisi, vijana wakinikuta kwenye njia wananisalimia kama mgeni wa serikali: "Kaka, karibu! Umesafiri muzuri kutoka jikoni?"

Kisingizio changu kilikuwa fromage, yaani jibini. Mama anatengeneza fromage tangu kabla sijazaliwa, na nyuma ya jikoni tuna chumba cha mbao ambamo zinapangwa juu ya rafu mpaka zikomae. Chumba kikipata joto, zinatoka jasho na kuvimba. Kikipigwa na upepo wa baridi, ganda linapasuka. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kufungua dirisha, kulifunga, kumwaga maji sakafuni na kugeuza kila fromage kila siku. Mtu huyo ni mimi. Kwa miaka kumi na moja, kila aliyekuja na habari ya kazi ya mbali alipata jibu moja: "Na fromage za Mama je?" Alikuwa akiaga na kwenda zake. Jibu lilikuwa zuri sana, nililipenda.

Halafu akaja dada yangu mkubwa na shemeji, mume wake. Ni fundi wa umeme kule Bisie, Walikale, kwenye machimbo, na alifika kwetu amelowa tope mpaka masikio, amekumbatia katoni kifuani kama mtoto mchanga. Nilifikiri ameleta mafuta ya mawese.

Ndani ya katoni mlikuwa na kisanduku chenye taa ya kijani, waya, betri, mpira wa maji, mota ndogo, vantilateri ya kupuliza hewa na kidude cha ukubwa wa kidole alichokiita capteur.

"Hii inasikia joto na unyevu," alimweleza Mama. "Joto ikipanda, sanduku inavuta dirisha. Joto ikishuka, inafunga. Kukiwa kukavu, inamwaga maji. Hakuna mutu wa kuiambia. Inaamua yenyewe. Na kila kitu inaandika ndani, na saa yake."

"Yenyewe?" Mama aliuliza.

"Yenyewe. Kule kwetu chini ya udongo tuko na zenye kunusa hewa. Hewa ikiharibika, zinawasha vantilateri kabla mutu hajajua."

Mama aliliangalia sanduku. Kisha akaniangalia mimi. Nilijua hesabu aliyokuwa akifanya, na sikuipenda.

"Mume wangu," dada akasema, kwa sauti tamu aliyokuwa ameiandaa njiani, "kule wanatafuta mutu wa kushika kaye, daftari ya depo. Mutu mwenye kuwa na diploma. Mwenye kukaa tu pahali pamoja na kuandika." Alikuwa akimwambia mume wake, lakini macho yalikuwa kwangu.

"Mwezi moja," Mama akakata. "Mashini iangalie fromage mwezi moja. Zikitoka nzuri, huyu anaenda na ninyi. Zikiharibika, anabaki."

Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyowekwa mikononi mwa kidude cha ukubwa wa kidole.

Shemeji alifanya kazi siku mbili. Aliziba nafasi zote kati ya mbao kwa udongo na magunia, kwa sababu, alisema, mashini haiwezi kushika hewa ya nyumba yenye matundu mia. Dirisha akaliunganisha na mota kwa waya wa breki ya baiskeli. Akauliza capteur ikae wapi. Mimi, kwa ukarimu, nikamwonyesha msumari ulio juu ya kigoda changu. "Pale, shemeji. Ili niwe ninaiangalia vizuri." Akanishukuru. Wakaondoka.

Sikuiharibu. Naapa. Nilijiambia kwamba mtu mwenye diploma hapigani na mashini kwa nyundo. Anapigana nayo kwa maandishi. Nikanunua kaye mpya, nikachora mistari kwa rula, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: MAKOSA YAKE.

Na alikuwa na makosa, yule bwana! Asubuhi kwetu ukungu unalala juu ya vilima mpaka saa tatu, baridi inaingia kwenye mifupa. Saa hizo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, kama kawaida yangu ya miaka yote, na chai, na mbabula yangu, jiko la makaa, miguuni. Ghafla: krrr! Dirisha linafunguka. Ukungu wote wa Masisi unaingia ndani. Nikaandika: "Saa moja na robo. Baridi kali. Imefungua dirisha. Haina akili."

Nikaongeza makaa. Ikafungua zaidi, ikawasha na vantilateri. Nikavaa koti la pili, nikapuliza moto. Ikamwaga maji, mengine miguuni mwangu. Nikaandika: "Saa moja na nusu. Imenishambulia."

Kila asubuhi tulipigana hivyo, na kila asubuhi nilishinda kwa kuandika. Mama akipita mlangoni alikuwa akiuliza, "Mashini inafanya nini?" Nilikuwa nikijibu, "Mama, imerukwa," na moyoni nilikuwa nikiimba. Fromage za rafu ya dirishani zilianza kupasuka ganda. Nilizitazama kwa huzuni kubwa ya uso.

Wiki ya tatu nilichoka na lile krrr. Nikachukua kamba ya mbuzi nikafunga dirisha barabara, lisitikisike. Mota ililia mpaka ikakata tamaa. Nilikaa kwenye joto langu kama mfalme. Baada ya muda kichwa kikaanza kugonga, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikatoka nikishika ukuta, nikatapika nyuma ya jiko, nikaenda kulala mpaka mchana. Nikaandika: "Kelele ya mota inaumiza kichwa. Sasa inagusa na tumbo." Kesho yake nilifungua kamba, si kwa huruma. Mbuzi alikuwa anaihitaji.

Mwezi ulipoisha, dada na shemeji walirudi. Mama akatukalisha humo humo chumbani, mbele ya rafu. Alibonyeza fromage moja moja kwa kidole gumba, akazigonga na kuzisikiliza. Za ndani zilikuwa nzuri. Za dirishani, tisa, zilikuwa na nyufa.

"Ongea," akaniambia.

Nikasimama, nikafungua kaye, nikasoma. Nilisoma vizuri, na saa zote, kama karani wa mahakama. Dada alikunja uso. Shemeji alikuwa amechomeka simu yake kwenye sanduku na alifuata kwa kidole kila saa niliyotaja.

"Saa moja na robo, ni kweli," alisema. "Joto imepanda. Ikafungua."

"Joto gani? Kulikuwa baridi ya kufa!"

"Hapa imepanda. Siku ya pili pia. Ya tatu pia. Kila mara saa hiyo hiyo." Akainua macho. "Shemeji, saa moja na robo unakuwaka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Nikaonyesha kigoda. Akaangalia kigoda, akaangalia msumari juu yake, akaangalia capteur.

"Na nini?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole. "Na mbabula yake."

Dada alicheka mpaka akashika rafu. Mimi pia ningecheka, lakini shemeji hakucheka. Alirudi nyuma kwenye simu, akatafuta ile siku ya kamba, akaniuliza nilikuwa nimefunga dirisha kwa muda gani. Nikamwambia. Akaniuliza kichwa kiliuma namna gani, na miguu. Nikamwambia hivyo pia, huku sauti ikishuka.

"Mama," akasema, "hii chumba niliiziba mimi. Sikuuliza kama mutu anakaaka ndani na moto. Hewa ya makaa mu nyumba ya kufungwa inauaka mutu akiwa amekaa vile vile, na chai mu mukono. Kila asubuhi hii mashini ilikuwa inamutoa mu kifo. Haikujua. Ilisikia tu joto. Ila siku moja aliifunga kamba."

Mimi nilikuwa bado nimeshika kaye yangu, kurasa ishirini na sita za mashtaka. Mama aliichukua kutoka mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Alipofika kwenye "sasa inagusa na tumbo" alikaa kwenye kigoda.

"Papa," akaniita, jina analonipa akiwa na hasira au na hofu, "ulitaka nikukute hapa?"

"Hapana, Mama."

"Ulitaka nini?"

Na hapo, kwa sababu fromage hazikuwa tena za kunisaidia, na kisingizio kingine sikuwa nacho, nikasema. "Sitaki kwenda. Si juu ya fromage. Sitaki tu. Ninapenda kukaa hapa."

Niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Dada aliacha kucheka.

Mama aliifunga kaye. "Na ulishindwa kusema? Huyu amebeba sanduku Walikale mpaka hapa, kwenye lile tope, sababu wewe unashindwa kufungua kinywa?"

"Samahani, shemeji," nikasema.

"Hakuna shida," akajibu. Alikuwa ameshapanda juu ya meza na koleo, anahamisha capteur.

"Utabaki," Mama akasema. "Lakini fromage ziko na mwenye kuziangalia, na wewe huna tena kazi ya kukaa hapo. Maziwa nilikuwa natuma mutu. Kuanzia kesho utayaendea mwenyewe."

Malisho yetu yako juu kabisa, mwendo wa saa nzima kwa kupanda. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa katikati ya ukungu, bidoni mbili tupu za maziwa mabegani, suruali imelowa mpaka magotini, na ng'ombe kumi na wanne wamesimama kunitazama. Mchungaji alishusha kofia yake, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Kaka," akasema, "kumekufa mutu?"