Msumari wa Gita la Myanga

Asubuhi ya mwisho kabla augue, bibi yangu, Mama Fridah, alishusha magita yote sita ukutani, hata chai hajaweka. Ni ya miaka ya hamsini. Aliyanunua mojamoja kwa familia za wapigaji waliokufa, Kitale mpaka Bungoma, halafu akawa anamwazima yeyote. Aliyapanguza kwa kipande cha sketi kuukuu, akaweka sikio kwenye mbao, akagonga kwa kidole gumba, akaguna. Wimbo hakupiga. Ndiyo Wabwile akafika kutoka Myanga, anataka gita la harusi. Akampa la marehemu babake Wabwile mwenyewe, lile limelika pale kucha za mzee zilikuwa zinapita. Nikasema, "Mama Fridah, hilo halitarudi." Alilegeza nyuzi ili shingo isipinde njiani, akalifunga kwa leso.

Sasa ni miezi minne tumemzika. Jana Wabwile alipiga simu. Wanalipiga kanisani kila Jumapili, anauliza alirudishe ama wakae nalo. Sijamjibu. Nimechoka kuangalia ule msumari mtupu ukutani, na bado namsikia marehemu vile aliniambia akikaza leso: "Baba Fridah, si utajua liko Myanga? Utakuwa unaenda kulisikiza."